Wanaohesabu Majani na Wanyama: Tuwapokee Namna Gani?



Mara kwa mara, katika vijiji vya teritwari ya Bukama na hasa upande wa Ziwa Upemba, hufika wageni wenye mizigo isiyoeleweka. Wana daftari, kamba ndefu, magazeti ya zamani, kamera za kufunga kwenye miti, na chombo kidogo kinachoonyesha mahali walipo kwa kutumia satelaiti. Wanapanda kwenye milima ya Kibara, wanakata matawi, wanaandika, kisha wanashuka na kuondoka.

Nyuma yao maneno yanabaki. Wengine wanasema wageni wale wanatafuta kasiteriti au coltan. Wengine wanasema wanapima mahali ambapo Parki itapanuliwa. Wengine wanasema ni wapelelezi wa upande fulani. Sisi tunaofanya kazi ya amani hatuwacheki watu wenye hofu hiyo, kwa kuwa tumeona ugomvi ukianza kwa mambo madogo kuliko hayo. Vijana wanafunga njia, askari wanaitwa, mtu anapigwa. Na mara nyingi anayelipa ni yule asiye na mtetezi: mhami ambaye hana shamba, anayekata kuni pembeni ya msitu na kuvua samaki mahali pa wengine.

Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza kazi ya watafiti wa mimea na wanyama. Wanatafuta nini? Inatusaidia nini? Na kiongozi wa watu afanye nini wanapofika kwake?

MLIMA NA ZIWA NI KITU KIMOJA

Bukama ni mahali ambapo reli ya kutoka Lubumbashi inakutana na mto Lualaba. Ukifuata mto kuelekea kaskazini-mashariki unaingia katika bonde la Kamalondo, lenye mabwawa, mafunjo na maziwa mengi, kati yake Upemba na Kisale. Upande wa mashariki ardhi inapanda hadi milima ya Kibara. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni Hifadhi ya Taifa ya Upemba, ambayo sisi wote tunaiita Parki. Iliundwa na serikali ya kikoloni mwaka 1939, na leo ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000.

Mabwe, kando ya ziwa, iko kwenye mita 585 hivi juu ya bahari. Lusinga, juu mlimani, iko kwenye mita 1,760. Maana yake ni kwamba mtu akitoka ziwani mpaka Lusinga amepanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Katika safari hiyo anapita mafunjo, kisha misitu ya miombo, kisha uwanda wa majani mafupi wenye baridi usiku. Kila ngazi ina mimea yake na wanyama wake. Huko juu ndiko wanakoishi punda milia wa mwisho wanaojulikana porini katika nchi yetu ya Kongo.

Mvua inayonyesha juu haiteremki yote siku ileile. Majani na mizizi huishika, udongo huinywa, na chemchemi huitoa polepole wakati wa kiangazi. Mlima ukibaki uchi, maji yanateremka kwa pamoja na kubeba udongo mpaka kwenye mito. Kwa hiyo mvuvi wa ziwani ambaye hajawahi kukanyaga Lusinga anahusika na majani ya Lusinga. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watafiti wanataka kulielewa: kila ngazi ina nini, na ngazi moja inaitegemea vipi nyingine.

KAZI YENYEWE INAFANYWA HIVI

Kwa mimea, watafiti huvuta kamba na kupima kipande cha ardhi. Ndani yake wanahesabu kila aina ya mmea. Mmea wasioujua wanaukata pamoja na ua au tunda lake, wanaulaza kati ya magazeti na kuukandamiza mpaka ukauke. Magazeti yale ya zamani yana kazi hiyo tu. Kisha wanaandika kikaratasi: mmea umetoka wapi, urefu gani juu ya bahari, tarehe gani, nani aliuchuma, na wenyeji wanauitaje.

Kwa wanyama, wanatembea kwenye mstari ulionyooka na kuandika nyayo, mavi na wanyama wanaoonekana. Wanafunga kamera ambazo zinapiga picha zenyewe mnyama akipita. Mahali ambapo ni vigumu kutembea, kama mabwawa yetu, wanapita juu kwa ndege ndogo na kuhesabu. Na wanauliza watu. Mvuvi, mwindaji mzee, mama anayechuma uyoga: hao wana habari ambazo kamera haiwezi kuzipata.

Kikaratasi kile kidogo ndicho chenye thamani. Mmea usio na mahali wala tarehe hausemi chochote. Ukiwa na mahali na tarehe, unaweza kusema ukweli hata baada ya watu wote walioushika kufa. Hilo tunaweza kulionyesha kwa mfano wa hapa kwetu.

SWALA ALIYENGOJA JINA

Kati ya mwaka 1946 na 1949, kundi la watafiti likiongozwa na Mbelgiji Gaston-François de Witte lilizunguka Parki ya Upemba. Walikusanya nyoka, vyura, wadudu, ndege, samaki na mimea, kuanzia Mabwe mpaka Lusinga. Kila kitu kiliandikwa mahali na tarehe, kikapelekwa Ubelgiji. Wazee wetu walibeba mizigo ile na kuonyesha njia, lakini majina yao hayajulikani kama jina la mkuu wa safari.

Kati ya vitu vilivyopelekwa kulikuwa na mafuvu na ngozi za swala wa mabwawa, aina ya lechwe, waliopatikana mwaka 1947 na 1948. Watafiti walidhani ni lechwe kama wale wa Zambia. Mafuvu yakakaa kabatini zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2005 mtafiti Fenton Cotterill aliyapima, akayalinganisha na mengine, na kutangaza kwamba swala wa Upemba ni aina ya pekee. Akapewa jina la kitaalamu Kobus anselli. Hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika mabwawa haya yetu.

Ndugu wasomaji, tukumbuke mwaka 2005 ulikuwa mwaka gani kwetu. Kituo cha Parki cha Lusinga kilikuwa kimeshambuliwa na watu wenye silaha mwaka 2004, na watu waliuawa. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, maelfu ya watu kutoka teritwari ya Mitwaba walikuwa wanakimbia mapigano. Wengine walifika mpaka Ziwa Upemba, wakaishi juu ya visiwa vya mafunjo. Wakati huohuo ambapo dunia ilikuwa inajifunza jina la swala wetu, sisi tulikuwa majini tukitafuta chakula palepale alipoishi.

Matokeo yake tunayaona. Zamani lechwe hao walionekana kwa maelfu. Katika miaka hii ya 2020, watafiti walipopita juu ya mabwawa kwa ndege waliona kumi tu. Wanakadiria kwamba waliobaki wote hawafiki 100.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu aliyekuwa na njaa. Mwenye watoto wasio na bukari hawezi kuambiwa ahesabu swala kwanza. Waliowinda walikuwa wengi: wenye bunduki wa kila upande, wafanyabiashara wa nyama, na pia watu wa kawaida. Tunaandika ili ionekane kwamba vita haviharibu nyumba tu. Shamba likichomwa unaweza kulilima tena baada ya miaka miwili. Mnyama anayeishi mahali pamoja tu duniani akiisha, hakuna jirani wa kwenda kumwazima.

Na kuna fundisho la pili. Kama mafuvu yale yasingeandikwa mahali na tarehe, leo tusingeweza kujua kwamba tulikuwa na kitu cha pekee. Kitu kisichoandikwa hupotea bila mtu kuulizwa. Sisi tuliopoteza hati za mashamba na vyeti vya watoto katika kukimbia, tunalielewa neno hilo vizuri.

WENYEJI WALIJUA KWANZA

Watu wengine hudhani kwamba utafiti ni kazi ya wasomi kuwafundisha wanakijiji. Mara nyingi ni kinyume. Tuchukue habari kutoka Tanzania, katika mlima Rungwe. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wanawauliza wawindaji wa Kinyakyusa kuhusu wanyama wa msitu. Wawindaji wakawatajia tumbili mwenye haya waliyemwita kipunji. Wasomi hawakumjua. Walimtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa duniani kuwa aina mpya. Kundi lingine la watafiti lilimkuta pia katika msitu wa Ndundulu, katika milima ya Udzungwa, mwaka 2004. Mwaka 2006 ikathibitika kwamba ametofautiana na tumbili wengine kiasi cha kuwekwa katika jenasi yake peke yake. Jina lake mpaka leo ni kipunji, jina lilelile la wawindaji.

Kwa hiyo, mzee wa Bukama anapoulizwa majina ya miti, asidharau anachokijua. Vilevile mhami aliyetoka Mitwaba anaijua milima ambayo mwenyeji wa ziwani haijui. Tumeona mikutano ambamo mvuvi wa ziwani na mhami wa mlimani walikaa pamoja kutaja miti, na mmoja akamsahihisha mwenzake bila ugomvi. Kwa watu waliokuwa hawasalimiani kisimani, hilo si jambo dogo.

INATUSAIDIA NINI?

Swali hili ni la haki. Tunatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni moto. Kila mwaka tunachoma majani. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola katika nchi ya Zambia, watafiti walitenga vipande vya msitu wa miombo tangu mwaka 1933. Kipande kimoja kilichomwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, wakati majani bado yana unyevu. Kingine kilichomwa mwishoni, kila kitu kikiwa kimekauka. Kingine hakikuchomwa. Baada ya miaka mingi ilionekana wazi: moto wa mwisho wa kiangazi unamaliza miti na kuacha majani tu. Moto wa mapema unaiacha miti iendelee. Pasipochomwa, msitu unakuwa mzito. Miombo yetu ni ileile. Chefu na wazee wakikubaliana tarehe ya kuchoma mapema, wanahifadhi miti ya makala, asali, viwavi na uyoga, bila kumkataza mtu kuchoma. Tena wanapunguza ugomvi wa moto uliotoka kwa jirani.

Wa pili ni kikanda, chakula kile ambacho mama zetu wanakipika kwa unga wa karanga na ambacho kinauzwa katika masoko ya Katanga. Wengi hawajui kwamba kinatoka katika viazi vya okidi, maua ya nyanda za juu. Ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Zambia ilipoanza kupungukiwa, wafanyabiashara walikwenda kununua viazi katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na watafiti wakahesabu kwamba mamilioni ya viazi yalikuwa yanavuka mpaka kila mwaka. Hesabu hiyo ilisaidia uwanda wa Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hifadhi iliyoundwa hasa kwa ajili ya maua. Sisi hatusemi watu waache kula kikanda. Tunasema ni afadhali kijiji kijue kilichobaki mlimani kabla ya mfanyabiashara kukimaliza. Anayechimba hubaki na shimo, naye mwenye lori huenda kutafuta mlima mwingine.

Wa tatu ni chakula cha porini kwa jumla. Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu wa miombo: matunda, majani, uyoga, viwavi, asali. Aliyaandika kwa kuwauliza watu wa Katanga. Mhami aliyefika mahali pageni anaweza kufa kwa uyoga asioujua wakati jirani yake anajua ule unaolika. Habari kama hiyo ikiandikwa na kurudishwa kijijini, inaokoa watu.

TUJIBU HOFU ZETU BILA KUFICHA

"Wanatafuta madini." Anayetafuta madini anachimba mashimo, anachukua mawe na mchanga, na ana hati za mambo ya madini. Mtafiti wa mimea anachukua matawi na majani. Ukiona mtu anasema anahesabu maua lakini mifuko yake imejaa mawe, una haki ya kumwuliza na kuijulisha serikali.

"Wanataka kupanua Parki." Mtafiti hana uwezo wa kusogeza mpaka. Mpaka unawekwa kwa amri ya serikali. Lakini tuseme ukweli: anayoyaandika yanaweza kusomwa na wale wanaoamua. Kwa hiyo si vibaya kumwuliza mapema matokeo yatapelekwa kwa nani. Na inafaa kijiji nacho kiwe na maandishi yake: mashamba yake, makaburi yake, mahali pa kuvulia, njia zake. Penye karatasi ya upande mmoja tu, upande wa pili hauna la kuonyesha.

"Wanachukua mali yetu bila malipo." Zamani ilikuwa hivyo mara nyingi. Leo kuna mapatano ya mataifa yanayoitwa Itifaki ya Nagoya. Yalifanyika mwaka 2010, yakaanza kutumika mwaka 2014, na Kongo ni kati ya nchi zilizoyakubali. Yanasema kwamba anayetumia mimea au wanyama wa nchi, au ujuzi wa wenyeji juu yake, aombe ruhusa kwanza na agawane faida. Kama mama anaonyesha dawa ya mti, ujuzi huo una mwenyewe.

"Tutakamatwa kwa yale tutakayosema." Hofu hii tunaichukua kwa uzito kuliko zote. Kuwinda ndani ya Parki ni kosa la sheria. Mtafiti mwema haandiki jina la anayemweleza habari za uwindaji. Mwulizeni kabla ya kujibu: jina langu litaandikwa? Kama hajibu vizuri, mtu ana haki ya kunyamaza. Hakuna anayelazimishwa kujibu.

WAGENI WAKIFIKA

Kwa machifu, wakuu wa mitaa, na komite za wahami, tunapendekeza haya:

1. Waombeni hati. Katika Parki, mtafiti anahitaji ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayohifadhi wanyama na mimea. Tangu mwaka 2017 ICCN inashirikiana na shirika la Forgotten Parks katika kuisimamia Upemba. Awe pia na ordre de mission, na awe amejitambulisha kwa wakuu wa teritwari.

2. Wapeni nafasi ya kujieleza mbele ya watu, si katika nyumba ya chefu peke yake. Neno lililosemwa hadharani halizai uvumi kama neno la chumbani. Wahami waitwe pia, wanaume kwa wanawake.

3. Ulizeni maswali manne: Mnatafuta nini? Mtakaa siku ngapi? Mtakayoyapata yatakwenda wapi? Yatarudi kwetu lini na kwa lugha gani?

4. Kazi ya kuongoza njia na kubeba mizigo igawanywe. Wakichukuliwa wenyeji tu, wahami watanung'unika. Wakichukuliwa wahami tu, wenyeji watasema wamepitwa katika nchi yao. Tumeona kundi moja likirudi bila kufanya kazi kwa sababu hiyo tu. Bora kila upande utoe watu wake, na malipo yasemwe mbele ya wote.

5. Wakumbusheni usalama. Ninyi ndio mnaojua njia ipi si salama na wapi kuna watu wenye silaha. Kumwacha mgeni apite penye hatari ni kujiletea matatizo.

6. Msitangaze ovyo mahali wanyama wachache walipoonekana. Habari hiyo humfikia mwindaji haraka.

7. Mambo yakiharibika, msijichukulie sheria mikononi. Andikeni tarehe, majina na yaliyotokea, mpeleke kwa wakuu.

Ndugu zetu, wengi wenu mnangoja siku ya kurudi. Wengine mtarudi Mitwaba, wengine mmeshaoa na kuzaa huku ziwani. Popote mtakapokaa, mtoto atakunywa maji yanayotoka mlimani na kula samaki wa ziwani. Swala wachini ya 100 waliobaki katika mafunjo hawajui nani ni mwenyeji na nani ni mhami. Wamebaki kwetu sote, na sisi sote tutaulizwa habari zao.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Ni mnyama au mmea gani mlioufahamu mlipokuwa wadogo ambao watoto wenu hawajauona? Ulipotea lini, na kwa nini?

2. Katika kijiji chenu moto huwashwa mwezi gani? Nani anaamua? Mnaweza kukubaliana tarehe moja na vijiji vya jirani?

3. Wahami wanakata kuni na kuvua wapi? Je, mahali hapo palikubaliwa kwa maneno ya wazi kati yao na wenyeji?

4. Mtafiti akifika kesho, nani atampokea, na mtamwomba arudishe nini kijijini?